Kulala gesti Arusha na Moshi: mwongozo kamili, kuanzia stendi hadi kurudisha ufunguo

Gesti ya bei nafuu si lazima iwe gesti mbaya. Arusha na Moshi kuna vyumba vya elfu ishirini na tano vyenye shuka zinazonukia sabuni na maji ya moto muda wote, na kuna vya elfu hamsini ambavyo utaoga kwa kopo huku unatetemeka. Bei peke yake haikuambii chochote. Kinachokuambia ni dakika kumi unazokaa ndani ya chumba kabla ya kutoa pesa. Ukishalipa na jina lako likaandikwa kitabuni, mhudumu ameshahesabu chumba kimeuzwa, na kila utakachodai baada ya hapo kitakuwa ombi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu dakika hizo kumi.

Chagua mtaa kwanza

Jiulize kesho asubuhi unatakiwa uwe wapi. Kama una basi la alfajiri, lala karibu na stendi. Ukiwa na mgonjwa, lala karibu na hospitali. Kama umekuja kununua mzigo, lala pale unapoweza kurudi na furushi bila kulipa bajaji mara tatu.

Arusha, gesti nyingi za bei ya chini zimejazana Levolosi na Kaloleni, jirani na stendi kuu na uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Faida yake ni kwamba unafika kwa miguu, chakula kipo hadi usiku na bei zinajadilika. Hasara ni kelele za baa, honi na wapiga debe wanaoanza kazi kabla ya jua. Ngarenaro na Mianzini zina hali inayofanana na hiyo, ingawa ukiingia ndani ya mtaa utapata nyumba tulivu. Sakina inamfaa anayesafiri kwenda au kutoka Namanga, kwa kuwa iko kwenye barabara hiyo hiyo. Sanawari na Sekei ni karibu na hospitali ya Mount Meru na ukumbi wa AICC. Bei inapanda kidogo lakini usiku unalala. Njiro ni kuzuri ila ni mbali, na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi inaweza kumaliza ule unafuu ulioufuata.

Moshi mji ni mdogo, na hiyo ni raha yake. Kutoka stendi hadi mnara wa saa, sokoni au mtaa wa Mawenzi unatembea tu. Gesti za Kiusa, Bondeni na Majengo ni za bei ya chini. Soweto kumetulia. Shanty Town kuna miti mikubwa na ukimya, na bei inaendana na ukimya huo. Anayeuguza KCMC atafute huko huko upande wa hospitali, kwa sababu atakwenda wodini zaidi ya mara moja kwa siku.

Tahadhari kwa wanaotafuta mtandaoni: nyumba nyingi huandikwa "Arusha" au "Kilimanjaro" wakati ziko Usa River au Boma Ng'ombe. Uwanja wa ndege wa KIA wenyewe uko katikati ya miji hii miwili, takriban kilomita 50 kutoka Arusha na karibu 40 kutoka Moshi, kwa hiyo "karibu na uwanja wa ndege" maana yake ni mbali na mji. Uliza jina la mtaa na kituo cha daladala kilicho karibu. Anayekujibu "ni hapo hapo mjini tu" bila kutaja kituo, muulize tena.

Tarehe zinazojaza miji

Kuanzia karibu tarehe 20 Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na Moshi hujaa hadi mwaka mpya. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi kuna mbio za Kilimanjaro Marathon, na wikiendi hiyo hata gesti za Majengo hupandisha bei. Arusha hubanwa na mikutano mikubwa ya AICC, na wiki ya kwanza ya Agosti kuna maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya Themi, Njiro. Siku hizo weka chumba mapema kwa simu. Siku nyingine, hasa msimu wa masika kati ya Machi na Mei, huna haja ya kuweka. Nenda, angalia, kisha jadili bei, na ukilala usiku tatu au zaidi sema hivyo mwanzoni, maana hapo ndipo punguzo linapopatikana.

Maswali ya kuuliza kwenye simu

Salimia vizuri kwanza. Mhudumu aliyesalimiwa hujibu kwa uvumilivu. Kisha uliza haya. Chumba ni self au choo ni cha kuchangia? Bei hiyo ni ya mtu mmoja au wawili, na chai ya asubuhi imo? Maji ya moto yapo muda wote au kwa masaa? Maji ya bomba yakikatika mnatumia nini? Geti linafungwa saa ngapi? Mwisho wa kutoka ni saa ngapi?

Swali la mwisho linahitaji uangalifu zaidi kwa wanaofika usiku wa manane, na ni wengi tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023. Gesti nyingi huhesabu siku hadi saa nne asubuhi. Ukiingia saa tisa usiku na kulipa bei kamili, utaambiwa utoke saa nne asubuhi hiyo hiyo, yaani umelipia masaa saba. Sema wazi kabla hujafika: "Dada, nitaingia alfajiri ya Jumanne. Nikilipa, nitatoka Jumanne au Jumatano?" Wengi watakubali uendelee hadi Jumatano, au wakupe bei ya nusu kwa masaa machache ya alfajiri. Wakikubali, waombe wakutumie kwa ujumbe mfupi, kwa sababu mhudumu wa zamu ya usiku siye wa asubuhi.

Wakidai utangulize malipo, tanguliza ya usiku mmoja tu hata kama utakaa wiki. Tuma kwenye Lipa Namba ya biashara, na kabla ya kuthibitisha soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama ni jina la mtu binafsi lisilofanana na la gesti, simama, uliza kwanza.

Ukishuka stendi

Utapokelewa na vijana wawili watatu kabla begi halijatoka kwenye buti. Anayesema "njoo nikupeleke gesti nzuri" analipwa na gesti, na fedha yake iko ndani ya bei utakayotajiwa. Ukiongozana naye mpaka mapokezi, uwezo wa kujadili bei umekwisha. Mshukuru, mwambie unaye mwenyeji, tembea. Kama ni usiku na una begi, usitembee hata kama ni karibu. Chukua bajaji au bodaboda iliyo kwenye kijiwe, patana nauli kabla ya kupanda, na taja mtaa na alama ya jirani badala ya kutaja jina la gesti peke yake. Arusha kuna mito inayokatiza mjini, Themi na Naura, na maeneo ya madaraja yake yenye giza si ya kupita peke yako usiku.

Ukaguzi wa chumba

Mwambie mhudumu, "Naomba nione chumba kwanza." Hakuna anayekataa. Acha begi mapokezi au libaki mgongoni; usiliweke kitandani. Kisha fuata mpangilio huu, ambao unaanza na vile vinavyochukua muda kupata joto au kujaa.

*Anza bafuni.* Washa swichi ya hita, fungua bomba la shawa, vuta choo, halafu rudi chumbani uendelee na mengine wakati maji yanapata moto. Tangi la choo linatakiwa lijae ndani ya dakika mbili au tatu. Likichukua muda mrefu, msukumo ni mdogo, na kama nyumba ina wageni wengi asubuhi hutapata maji kabisa. Ukikuta pipa au ndoo iliyojazwa bafuni, usiogope, ni akiba. Ila uliza kama maji hukatika mara kwa mara. Ukiwa nje tazama juu ya paa au uani kama kuna tenki kubwa. Gesti isiyo na tenki inategemea bomba la mtaa tu.

Hita inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu malalamiko mengi ya "hakuna maji ya moto" hutokana na kutojua inavyofanya kazi. Nyingi ni zile za kichwa cha shawa cha plastiki chenye waya unaotoka ukutani. Ndani kuna koili, na kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ili kugusanisha umeme. Maji yakija kwa nguvu ndogo kiwambo hakisogei na hita haiwaki. Yakija kwa nguvu nyingi, yanapita kwenye koili upesi mno na kutoka vuguvugu. Kwa hiyo:

1. Mikono ikiwa mikavu, washa swichi yake. Mara nyingi ni kubwa, ina taa nyekundu, na iko nje ya mlango wa bafu.
2. Weka kitufe cha shawa kwenye moto kabla ya kufungua maji. Kukigeuza maji yakiwa yanatoka huchoma vigusanishi vya ndani, na ndiyo sababu hita nyingi za gesti zimekufa.
3. Fungua bomba mpaka mwisho. Utasikia mlio mdogo hita inapowaka, na taa za chumbani zinaweza kufifia kidogo.
4. Punguza maji taratibu mpaka joto likufae. Ukipunguza kupita kiasi hita itazima na maji yatarudi ya baridi. Fungua tena kidogo.
5. Ukimaliza, funga bomba kwanza, jifute mikono, ndipo uzime swichi.

Ukigusa bomba au maji ukahisi mtekenyo wa umeme, hata mdogo, usiguse tena: toka, kisha uzime swichi mikono ikiwa mikavu. Hiyo ni hita isiyo na waya wa ardhi, na si jambo la kuvumilia usiku mmoja. Omba chumba kingine au ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni. Jambo jingine: hita ya namna hii hula wati 3,500 hadi 5,500, na LUKU inakwenda kasi, ndiyo maana baadhi ya gesti huzima umeme wake kwa sakiti breka na kuuwasha jioni na alfajiri pekee. Kama hita haina dalili yoyote ya uhai, uliza kama imezimwa kwa makusudi kabla ya kuamua kwamba ni mbovu.

*Mlango na dirisha.* Funga mlango kwa ufunguo ukiwa ndani, kisha ufungue. Kitasa kinachokwama mchana kitakwama zaidi usiku umeme ukikatika. Tafuta komeo la ndani. Kwa gesti ya bei ya chini hilo ndilo linalokulinda, kwa kuwa funguo za kitasa ziko zaidi ya moja na hujui wapangaji wangapi waliondoka nazo. Dirisha lifungike, nyavu isiwe na tundu, na pazia lifike pembeni, hasa chumba kikitazama korido.

*Kitanda.* Funua shuka yote, usiishie kuiangalia juu. Nywele, madoa, au harufu ya jasho kwenye mto ni ishara kwamba ilikunjuliwa na kutandikwa upya bila kufuliwa. Omba ibadilishwe ukiwa umesimama pale.

Kisha kunguni. Washa tochi ya simu, nyanyua kona ya godoro upande wa kichwani, na fuata mishono yake. Angalia pia maungio ya chaga na nyuma ya ubao wa kichwani. Kunguni mzima ana milimita 4 hadi 5, ni bapa, wa kahawia iliyokolea. Mchana hujificha, kwa hiyo utakachokiona kwanza ni alama zake: vidoa vyeusi vilivyokusanyika sehemu moja, magamba mepesi ya rangi ya majani makavu, au michirizi ya damu kwenye shuka. Paka kidole mate, sugua kidoa. Kikiacha rangi ya kahawia nyekundu ni choo cha kunguni. Hapo usikubali chumba kinachopakana nacho ukuta, maana wadudu hao hupita kwenye nyufa na mabomba ya waya. Toka kabisa, au chukua upande wa pili wa jengo. Na hata chumba kikiwa safi, begi lako likae mezani au kwenye kiti, zipu imefungwa.

*Neti.* Ishushe, ifungue, itazame dhidi ya taa. Moshi iko chini na ina joto zaidi kuliko Arusha, na mbu wake ni wengi, hasa upande wa chini wa mji kuelekea mashamba ya mpunga. Neti ifike chini ya godoro pande zote uweze kuichomeka. Kama ni ndogo kuliko kitanda, mkono utaigusa usingizini na mbu atakuuma kupitia kwenye vitundu.

*Umeme.* Chomeka chaja kwenye kila soketi. Simu ikionyesha inachaji, sawa. Soketi iliyoungua rangi ya kahawia au inayolegea usiitumie. Ukiwa mjini Moshi, washa feni na uiache dakika mbili kwenye kasi ya juu. Ikiyumba au kulia, hutalala.

*Kelele na joto.* Zima kila kitu usikilize. Uliza baa iko wapi, jenereta iko wapi, na ukumbi wa chini una shughuli gani leo. Gesti nyingi zina ukumbi wa sherehe na harusi huisha usiku sana. Omba chumba cha nyuma, mbali na ngazi na mapokezi. Moshi epuka ghorofa ya juu kabisa chini ya bati na ukuta unaopigwa na jua la jioni, kwa sababu hutoa joto mpaka usiku wa manane. Arusha ni kinyume chake: iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba usiku hushuka hadi karibu nyuzi 12, kwa hiyo chumba cha juu kilichopata jua ni bora kuliko cha chini chenye unyevu na harufu ya ukungu.

Kuna ishara moja ambayo haiko chumbani. Ukikuta watu wawili wawili wanaingia na kutoka mchana kweupe, na mlango wa mapokezi una bei ya masaa, hiyo ni gesti ya shoti. Si lazima iwe na hatari, lakini milango itafunguliwa na kufungwa usiku kucha, na shuka zinazungushwa haraka. Ukiwa na familia, tafuta nyingine. Hosteli za makanisa, zipo miji yote miwili, zina ukimya, hazina pombe, na usafi wake kwa kawaida ni wa kuaminika.

Kulipa na kuandikwa

Ukiridhika, taja kasoro ulizoziona na omba zirekebishwe kwanza. Balbu, taulo, sabuni na karatasi za chooni viletwe kabla ya malipo, kwa kuwa baada ya hapo utavisubiri. Ndipo ujadili bei. Elfu tano hupungua bila ugomvi siku za kawaida.

Bei itajwe kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza au kutoza kwa fedha za kigeni bidhaa na huduma za ndani ya nchi, kwa hiyo mgeni kutoka nje unayemsindikiza hapaswi kudaiwa dola. Anayehitaji risiti ya EFD kwa ajili ya kurudishiwa fedha na ofisi aseme kabla ya kulipa. Wapo wanaotaja bei mbili, yenye risiti hiyo na isiyo nayo, na ni vyema ujue unalipa ipi.

Kitabu cha wageni ni cha lazima. Utaandika jina, namba ya kitambulisho, ulikotoka, unakokwenda, kazi, namba ya simu na sahihi. Kitambulisho cha NIDA, cha mpiga kura, leseni au pasipoti vinatosha. Mhudumu anaweza kupiga picha kitambulisho, lakini asibaki nacho. Andika ukweli: polisi hukagua vitabu hivi, na ukipata tatizo usiku, hicho ndicho kitakachowaonyesha ndugu zako ulikuwa wapi. Kabla ya kuondoka mapokezi, hakikisha idadi ya siku na kiasi ulicholipa vimeandikwa, na upate risiti, hata ya mkono.

Ukutani utaona tangazo kwamba uongozi hautahusika na upotevu wa mali isiyokabidhiwa mapokezi. Lichukulie kwa uzito. Kompyuta au fedha nyingi zikabidhi kwa maandishi: kitu gani, kiasi gani, saa ngapi, sahihi mbili. Pasipo maandishi hujakabidhi. Kama hutaki kukabidhi, tembea nazo.

Usiku

Baada ya kuingia, weka komeo na acha ufunguo ndani ya kitasa, umegeuzwa nusu. Hii ina faida mbili. Ufunguo mwingine hauwezi kuingizwa kutoka nje, na moto ukitokea huanzi kuutafuta gizani. Madirisha ya gesti karibu yote yana nondo, kwa hiyo mlango ndiyo njia yako pekee. Ukiwa unatoka kuoga au kula, angalia ngazi ya pili iko wapi na kama mlango wake haujafungwa kwa kufuli. Namba ya zimamoto ni 114, na ya dharura kwa polisi ni 112.

Arusha ya Juni hadi Agosti huwashawishi watu kuingiza jiko la mkaa chumbani. Usifanye hivyo, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu yasiyo na moshi. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na humchukua mtu akiwa usingizini. Omba blanketi la pili. Gesti yoyote ya Arusha inalo. Kanga mbili au shuka ya Kimasai uliyobeba mwenyewe pia inasaidia, na inakufaa hata pale usipoamini shuka za kitanda. Beba na kandambili zako. Zile zilizoko mlangoni mwa bafu zimevaliwa na wengi, na fangasi wa miguu hawabagui.

Maji ya kunywa na chai ya asubuhi

Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kiasili, kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Arusha vimekuwa vikivuka kiwango hicho. Ndiyo chanzo cha madoa ya kahawia kwenye meno ya watu waliokulia huko. Siku mbili tatu hazitakudhuru. Lakini ukiwa na mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya kopo, tumia maji ya chupa, na elewa kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, kiasi chake kwenye yaliyobaki kinapanda.

Chai ya gesti kwa kawaida ni chai ya rangi au ya maziwa, mkate au chapati, yai na kipande cha tunda, kati ya saa moja na saa nne. Kama bei bila chai ni nafuu, chukua bila chai. Moshi, mtori wa moto na chapati utaupata jirani na stendi mapema sana, na unashiba kuliko yai moja. Wakati wa Ramadhani uliza jioni kama jikoni wanaamka kuandaa daku. Baadhi hufanya hivyo wakijulishwa.

Anayekaa siku nyingi

Wapo wanaouguza, wanaofuata mitumba soko la Memorial la Moshi, wanaosubiri kesi au mtihani. Kwenu ninyi ushauri ni huu: pataneni bei ya wiki lakini mlipe kila baada ya siku tatu, ili chumba kikigeuka kibaya msiwe mmefungwa. Ulizeni kama mnaweza kutumia jiko kupika uji au supu ya mgonjwa, na kama mtajaziwa chupa ya chai maji ya moto asubuhi na usiku. Mara nyingi jibu ni ndiyo, kwa shukrani ndogo. Kufua, patana bei kwa kila nguo na dada wa usafi, si kwa "mzigo". Moshi nguo hukauka siku hiyo hiyo. Arusha ya mwezi wa sita na wa saba mawingu hukaa siku nzima na jinzi huchukua hata siku mbili, kwa hiyo usifue nzito siku moja kabla ya safari.

Kitu kikiharibika

Lalamika saa hiyo hiyo. Malalamiko ya asubuhi kuhusu maji ya usiku hujibiwa "mbona hukusema?", na hawana kosa kuuliza. Piga picha au video fupi, nenda mapokezi, ongea kwa upole na omba jambo moja mahususi: kuhamishwa chumba. Hilo mhudumu ana mamlaka nalo. Kupunguza bei au kurudisha fedha kunahitaji meneja au mwenye nyumba, kwa hiyo omba apigiwe simu ukiwa umesimama pale. Usipolala chumbani una haki nzuri ya kudai fedha yote. Ukilala, dai punguzo.

Ukiibiwa, usiguse mlango wala dirisha. Mwite mhudumu na mlinzi waone pamoja nawe, waandike, kisha nendeni kituo cha polisi mchukue RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Bila RB hata laini ya simu kuirudisha kunakuwa na usumbufu.

Kuondoka

Kama basi ni la saa kumi na mbili asubuhi, maandalizi ni ya jioni. Malizia madeni ya soda, kufuliwa na chakula cha jikoni kabla mapokezi hawajalala. Mwambie mlinzi saa utakayotoka, na muulize nani ana ufunguo wa geti. Wageni hukosa mabasi kwa sababu mwenye ufunguo amelala chumba kisichojulikana. Omba namba ya bodaboda anayeaminiwa na gesti, mpigie usiku huo, patana nauli. Kama chai ni sehemu ya bei, omba mayai ya kuchemsha na mkate vifungwe.

Kabla ya kufunga begi, likung'ute nje ya kitanda na upitishe tochi kwenye mishono yake. Angalia chini ya mto, nyuma ya mlango na kwenye soketi, maana chaja ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine chochote. Mwite mhudumu akague chumba mbele yako, ahesabu taulo na rimoti, ndipo umkabidhi ufunguo mkononi. Kuuacha mlangoni ni kukaribisha simu ya kudaiwa kitasa kipya ukiwa umeshapita Same. Ukifika nyumbani, nguo ulizovaa gesti zifue kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi kwa zinazostahimili, na nyingine zianike juani, kabla hazijaingia kabatini.